Maswali munayoniuliza kila siku: mlima, ziwa, na hii kazi ya jeolojia hapa Goma

Nimekusanya hapa maswali yale yale yanayorudi kila wiki, kwa WhatsApp, kanisani, nyuma ya moto (pikipiki) na motari anageuza kichwa kuniuliza, hata kwa matanga. Nimeanza na mepesi, yenye kichwa ngumu iko chini. Kama jibu liko kwa swali lingine nitakutuma huko, sitarudilia.

Kitu kimoja mbele: hapa si mahali pa kujua kama usiku wa leo mlima utatoka. Hiyo iko kwa buletini ya OVG, ofisi inayochunguza volkano hapa Goma, na kwa watu wa Protection Civile, wale wa uokoaji wa serikali. Mimi naeleza tu.

## Kazi yenyewe

Yaya, kazi yako ni nini kabisa kabisa?

Nilisoma jeolojia, mambo ya mawe na ardhi na vile ardhi inavyosogea. Kwa masta nikaelekea upande wa volkano, hasa gazi zinazotoka chini na namna ardhi inavyovimba ao kushuka. Sasa niko asistanti, na asistanti ni ngazi ya chini, unasimamia TP (mazoezi ya vitendo) za wanafunzi, unasahihisha makopi, unabeba mawe ya profesa, na utafiti wako mwenyewe unaufanya kwa masaa yanayobaki, yaani usiku.

Volkanologi kwetu si diploma ya peke yake. Wengine walitoka kwa fizikia, wengine kemia, wengine jeografia. Mlima haukuulizi ulisoma fakilte gani.

Basi kila siku uko kule juu ya Nyiragongo?

Hapana, na hili ndilo linalowashangaza watu kuliko yote. Nyiragongo una mita 3,470, unaanza kupanda Kibati, na njia inapita ndani ya hifadhi ya Virunga. Wakati wa vita kunapita miezi na miezi bila mtu kukanyaga huko, na hakuna tezi ya doktora (kitabu cha utafiti) inayolingana na maisha ya mtu.

Siku zangu nyingi ziko mbele ya ordinateri. Satelaiti za Sentinel-1 za Ulaya zinapiga rada juu yetu na picha zake ni za bure, kila mtu anaweza kuzishusha, ila neno "bure" hapo liko na mashaka: picha moja inaweza kupita giga 4 na ili uone kama ardhi imesogea unahitaji angalau mbili. Kwa hiyo unanunua mega za usiku, unaweka simu dirishani upande wenye rezo (mtandao), unaanza kushusha saa tano za usiku, unalala ukiwa umevaa, unaamka saa tisa kuangalia kama moto (umeme) haujakatika. Ukikuta imesimama kwa asilimia 97 unajifunza kusali.

Zile mashini munazika ardhini zinafanya nini? Jirani anasema munatafuta madini.

Hatutafuti madini, na chini ya Goma hayako (soma swali la mwisho kabisa). Sismomita inasikia ardhi ikitikisika hata pale mguu wako hausikii kitu. GPS yetu si ile ya simu, inaona kusogea kwa milimita. Kuna na inklinomita, inapima kama ubavu wa mlima umeinama.

Ukiiona stesheni moja kwa karibu utacheka. Kitundu kimejengwa na mawe ya lava na simenti kidogo, chombo chenyewe kimefunikwa na pipa la plastiki, pembeni betri ya gari, juu ya chuma pano ya sola na antena, na waya ambao panya ameshaonja. Ukinyanyua kifuniko wanaokupokea ni siafu. Kitu hicho kinaweza kuwa cha dola maelfu, na kinachokiua mara nyingi ni betri kuibiwa ili mtu achaji simu za kartiye (mtaa). Stesheni ikinyamaza, upande ule wa mlima tunakuwa viziwi. Tafadhali, ukijua nani anauza betri za namna hiyo, ongea na chefu wa avenyu.

Rangi za hatari maana yake nini?

Kijani, mlima uko kawaida yake. Manjano, kuwa macho. Rangi ya chungwa, jitayarishe, mizigo iwe tayari. Nyekundu, hatari imefika ao iko mlangoni. Mji wetu umeishi kwa manjano muda mrefu mpaka watu hawaioni tena, na hiyo ni shida ya kibinadamu ambayo hakuna mashini inayoitengeneza.

## Mlima

Nyiragongo utatoka tena mwaka gani?

Hakuna anayejua mwaka, na atakayekutajia mwaka ana kitu cha kukuuzia. Mara tatu lava ilipasua ubavu na kuteremka: tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 1977, tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002, na tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021. Kati ya ya kwanza na ya pili ni miaka 25, kati ya ya pili na ya tatu ni 19. Kijana mmoja akanitumia hesabu yake, eti inapungua sita sita, kwa hiyo inayofuata ni miaka 13, mwaka 2034. Nampenda sana yule kijana, lakini kwa tarehe tatu unaweza kuchora mstari wowote unaotaka na wote ukapendeza.

Tunachoweza kusema ni kama mlima uko katika hali yake ya kawaida ao umetoka humo. Hiyo inaonekana kidogo, lakini ndiyo inayotumika duniani kote.

Kwa nini 2021 hamukutuambia? Mulikuwa mumelala?

Swali hili linaulizwa kwa hasira na hasira ina haki, watu zaidi ya 30 walikufa. Jibu refu kidogo.

Volkano nyingi zinatoa taarifa kwa sababu magma, yaani lava ikiwa bado chini ya ardhi, inapanda kutoka mbali chini, inavunja mawe njiani, matetemeko yanaongezeka, ardhi inavimba. Kwa Nyiragongo ile jumamosi haikuwa hivyo. Utafiti uliotoka mwaka 2022 kwa jarida la Nature unaeleza kwamba magma ilikuwa tayari juu, ndani ya mlima wenyewe, karibu na hewa. Haikuhitaji kusafiri, ni ubavu uliopasuka. Alama za wazi kwa mashini zilikuja chini ya saa moja kabla ya lava, na lava ikateremka mpaka Buhene.

Halafu ikaja sehemu ya pili ambayo watu wameisahau. Siku zilizofuata magma ilipita chini ya mji kuelekea ziwa, matetemeko bila kupumzika, barabara zinapasuka, na tarehe 27 serikali ya jimbo ikaamuru kartiye 10 kati ya 18 zitoke. Watu wakaenda Sake, Minova, Bukavu, Gisenyi. Magma ilikuwa chini yetu kwa mita mia chache tu na haikutoka. Yaani wiki moja ile ile, mara ya kwanza mlima ulikaa kimya lava ikaja, mara ya pili ardhi ilipiga kelele lava haikuja. Njo maana nikikujibu "inawezekana" usinione mwoga.

Lava ya kwetu mbona inakimbia hivi, kwa televisheni nyingine naiona inatambaa?

Ni kemia. Lava ya Nyiragongo iko na silika (kitu kile cha mchanga na kioo) kidogo sana, karibu asilimia 40, na silika ndiyo inayoifanya lava kuwa nzito. Volkano nyingine zinatoa kitu kama bugali, sisi tunatoa mawese ya moto. Mwaka 1977 ziwa la lava lilimwagika lote chini ya saa moja, na kwenye miteremko mikali mwendo ulikadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa. Ikifika uwanda inapoa na kupunguza mwendo, ndivyo watu wa Goma mwaka 2002 walipata muda wa kutoka na magodoro kichwani.

Lakini 2002 iko na somo lingine. Lava ilikata mji katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikala katedrali, ikaingia ziwani. Siku chache kiisha, kituo cha mafuta kililipuka watu wakiwa ndani wanachota, na wengi walikufa pale baada ya kuponyoka lava yenyewe. Ukirudi baada ya lava, usikaribie mafuta wala chupa za gazi karibu na jiwe ambalo bado liko moto ndani. Juu linaonekana jeusi na baridi, chini linaweza kukaa moto kwa majuma mengi.

Usiku nimeona wekundu juu ya mlima, tukimbie?

Kwa kawaida hapana. Ndani ya krateri kunaweza kuwa na lava inayochemka, na mwanga wake unapiga kwa moshi na mawingu, tena usiku wenye mawingu ya chini unaonekana mkubwa zaidi bila kitu chochote kubadilika. Mara nyingine wekundu munaouona si wa Nyiragongo, ni wa Nyamulagira nyuma yake. Ukiona moto unatembea kwenye ubavu, chini ya krateri, hapo ni kitu kingine: piga simu, amsha jirani, usibaki kufilmu.

Na Nyamulagira, huo si hatari?

Nyamulagira, mita 3,058, unatoka mara nyingi kuliko volkano karibu zote za Afrika, lakini lava yake mara nyingi inaelekea porini, ndani ya hifadhi. Mwaka 1938 ulianza kutoa lava iliyofika mpaka ziwa upande wa Sake, na ilichukua muda mrefu, mpaka 1940. Ng'ombe na mashamba vinaumia na majivu yake kuliko mji.

Bati zangu zinaoza haraka, ni mlima?

Inawezekana sana, hasa kama unakaa upande ambao upepo unapeleka moshi, kama Rusayo. Moshi ule uko na salfa, klorini na florini, mvua ikipita ndani inakuwa na asidi, inakula bati, inaunguza majani ya maharagi. Kinachonisumbua zaidi ni maji: familia nyingi kule zinakinga maji ya mvua kwa bati hizo hizo, na florini ikizidi kwa miaka inachafua meno ya watoto na kisha mifupa. Kuchemsha hakuitoi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, usiikinge. Haitoshi, lakini ni afadhali.

## Matetemeko

Tetemeko linaweza kutabiriwa?

Siku na saa, hapana, wala Japani wala Marekani. Mahali, ndiyo. Sisi tuko kwa bonde la ufa, tawi la magharibi, ambako Afrika inajitenga milimita chache kwa mwaka, na ufa huo unapita Goma, Kalehe, Bukavu, unaendelea Tanganyika. Kalehe ilitikisika 6.2 tarehe 24 mwezi wa 10 mwaka 2002, Bukavu 5.9 tarehe 3 mwezi wa 2 mwaka 2008, na upande wa Kalemie 6.8 tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka 2005. Kutoka 5.9 mpaka 6.8 usidhani ni tofauti ndogo: kila namba moja nzima ni nguvu kama mara 32.

Anayeua ni ukuta. Ukijenga na matofali, funga kona na vyuma, weka sheneji (mkanda wa zege) juu, na usiache tanki zito la maji juu ya nyumba ya mbao.

Kila tetemeko ni la mlima?

Hapana. Mengine ni ya ufa, yanapiga kwa ukali na kuisha. Ya magma yana mwendo wa polepole zaidi, ao yanakuwa mtikisiko mrefu usiokatika. Kwa mguu hutofautishi, kwa sismomita tunatofautisha. Njo maana ya zile betri.

## Ziwa na mazuku

Ziwa Kivu litalipuka?

Hili ndilo swali la kwanza kwa vijana na la mwisho kwa wazee. Ukweli: chini ya ziwa kumelala gazi nyingi sana, kama kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za metani. Kina kinafika mita 485, na uzito wa maji ya juu pamoja na chumvi ya maji ya chini vinaifanya gazi ibaki imeyeyuka kule, matabaka hayachanganyiki. Kule Kamerun, ziwa Nyos lilipinduka tarehe 21 mwezi wa 8 mwaka 1986 na gazi ikaua watu kama 1,700 usiku mmoja. Ziwa letu ni kubwa mara nyingi kuliko lile. Kwa hiyo woga wenu si ujinga.

Lakini: ili gazi itoke peke yake lazima maji yashibe gazi kabisa, na bado hayajafika pale. Mwaka 2002 lava iliingia ziwani, 2021 magma ilipita chini yake, na matabaka hayakuvunjika. Upande wa Rwanda, kule Karongi, metani inavutwa tangu mwisho wa 2015 na kutoa moto wa megawati 26. Mimi binafsi ghuba ya Kabuno ndiyo inanifanya nifikiri zaidi, kwa sababu ni ndogo, imejifunga karibu peke yake, na gazi yake iko juu, inaanza kwa mita kumi na kitu tu. Si kusema italipuka. Ni kusema ningepewa vyombo, ningevipeleka pale kwanza.

Mazuku ni gazi hiyo hiyo ya ziwa?

Ni kaboni dioksidi pia, ila haitoki ziwani, inapanda kutoka ardhini kwa nyufa, zaidi upande wa magharibi: Keshero, Himbi, Lac Vert, Mugunga, Bulengo. Ni nzito kama mara moja na nusu kuliko hewa, basi inajaa kwa mabonde madogo na mashimo. Usiku na alfajiri bila upepo ndio wakati wake, jua likipanda na upepo ukipiga inatawanyika. Mbuzi na watoto wanaanguka kwanza kwa sababu pua zao ziko chini. Wakimbizi waliowekwa kwa uwanja wa namna hiyo wakalaza watoto kwenye hema chini kabisa, hiyo ndiyo habari inayonikatisha usingizi.

Tunapima hivi: kichunguzi kidogo cha gazi kinafungwa kwa fimbo ndefu, unakiteremsha ndani ya shimo na wewe umesimama juu, upepo mgongoni, na mwenzako nyuma yako. Hewa ya kawaida inasoma asilimia 0.04. Kwa shimo la mazuku namba inaruka, kengele inalia, majani chini ni makavu na kuna wadudu wamekufa wamekauka vizuri, hata mainzi hayapo ya kuwala.

Nikiwasha kiberiti ndani ya shimo na hakizimiki, ni salama?

Hapana, acha hiyo. Moto unazimika gazi ikiwa imeshakuwa nyingi, kwa kiwango ambacho mtu naye anapoteza akili kwa dakika chache. Gazi ikiwa kidogo chini ya hapo kiberiti kinawaka vizuri na wewe kichwa kinauma, unazunguka, unakaa chini, na kukaa chini ndiko kunakoua. Ukimwona mtu ameanguka ndani ya shimo usimfuate. Hapa kwetu wanakufa wawili wawili kwa sababu wa pili alikuwa ndugu. Tupa kamba, ita watu.

## Masomo na pesa

Nisome wapi?

Lubumbashi kwa UNILU jeolojia ni ya zamani na iko karibu na migodi, Bukavu kwa UOB iko karibu na ufa na volkano. Kama huwezi kusafiri, fizikia ao kemia hapa Goma si njia mbaya, utageukia volkano kwa masta. Jifunze kuprogramu mapema, Python inatosha, kwa sababu mlango unaofunguka kwa vijana wetu siku hizi ni data. Na Kiingereza. Kozi ni Kifaransa, makala zote za maana ni Kiingereza, ukichelewa utasoma kwa mgongo wa wengine.

Kuna bursi (pesa za kusomea)?

Ziko, za ARES na VLIR-UOS za Ubelgiji, DAAD ya Ujerumani na nyingine. Wanafunzi wengi wanaanguka kwa barua, si kwa pointi. Usiandike "tangu utoto nilipenda asili". Andika swali lako la utafiti kwa mistari mitatu, useme data utaitoa wapi na kwa nini wewe unaweza kufika pale ambapo mwingine hawezi. Mtoto wa Sake anaijua Kabuno kuliko mtu yeyote wa Brussels, na hiyo ni mali.

Inalipa?

Mwanzoni, hapana. Kuna asistanti wengi nchini waliopewa barua ya kazi, wanafundisha, lakini hawajamekanizwa, yaani hawako kwa listi ya mishahara. Wanaishi kwa prime (nyongeza ndogo ya pesa), kwa masomo ya jioni, kwa kazi ndogo za ONG (mashirika ya misaada) wanaotaka ramani ya mahali pa kuchimba kisima. Mimi nimeishi kwa ramani hizo miaka. Wenzangu wengi wa promosheni, tuliomaliza pamoja, walienda Kolwezi kwa shaba na kobalti, ao Kibali kwa dhahabu, wana magari. Siwahukumu, mama zao wanakula.

Ukiuliza kwa nini sikwenda: kwa sababu mgodi unakuuliza swali moja, ziko tani ngapi. Hapa naulizwa maswali yote muliyoyasoma juu.

Wazungu wanakuja, wanapima, wanaondoka. Nyinyi munapata nini?

Inategemea mtu. Kuna wanaokuja na vyombo wanaviacha, wanafundisha, na jina lako linakaa mbele kwa makala kama kazi ni yako. Kuna wengine, nilishakutana nao, wewe ndiye unayejua njia, unayeongea na wanakijiji, unayebeba, halafu makala inatoka na wewe uko kwa shukrani za mwisho pamoja na dereva. Ushauri wangu kwa wadogo: makubaliano ya data na ya majina yaandikwe kabla ya kushuka tereni (kazi ya nje), kwa imeili, kwa heshima. Mwenye nia nzuri hatakasirika.

Mtoto wa kike anaweza kazi hii?

Naiandika mimi, si unaona. Matatizo ya kweli ni viatu vya namba yetu, choo kwa tereni, na wale watu wa barabarani wanaotaka kuongea na "chefu wako mwanaume". Mlima haukunisumbua kamwe zaidi ya wanaume.

## Kuandikia watu

Kwa nini unaandika kwa Kiswahili na si Kifaransa kama wenzako?

Kwa sababu mama wa Birere anayelala juu ya lava ya 2002 anaongea Kiswahili. Ripoti ya Kifaransa inafika kwa biro (ofisi), inakaa kwa biro.

Wakubwa zako wanakubali?

Si wote. Kwa kazi za serikali kuna mwenye haki ya kutoa taarifa na kuna asiye na haki, na mtu wa ngazi yangu hana. Njo maana nimejiwekea mpaka: naeleza vitu vinavyotembea vipi, sitangazi hali ya leo. Mpaka huo ulianza kwa woga, siku hizi nauona una akili, maana usiku wa hatari mji ukisikia sauti tano tofauti kila mtu atachagua ile anayoipenda.

Unafanyaje ili watu wasigeuze maneno yako?

Wanageuza tu. Lakini kuna mbinu. Tarehe naiweka ndani ya sentensi ya kwanza, si juu, kwa sababu juu panakatwa. Ujumbe wa mwezi wa 5 mwaka 2021 bado unatembea kwa magrupu kama wa jana na kila mara ukirudi kuna familia inalala nje. Mbinu ya pili: neno la kutuliza na neno la mashaka naviweka kwa pumzi moja. Nikiandika "Hakuna alama ya kutoka. Hata hivyo tuwe macho", mtu atachukua ya kwanza peke yake. Nikiandika "mashini hazioni alama ya kutoka, na 2021 pia hazikuiona mpaka saa ya mwisho", haikatiki kirahisi. Sauti ya dakika moja inafika mbali kuliko maandishi, na redio inafika mbali kuliko vyote viwili, hasa moto ukikatika.

## Maswali ya pembeni

Pasta alisema ni hasira ya Mungu, bibi anasema ni wazimu wa mlima. Wewe unasemaje?

Sibishani na pasta, nasali naye. Naongeza tu kwamba lava inafuata bonde, na ramani ya mabonde ninayo, kwa hiyo tukimaliza sala tuangalie nyumba iko bonde gani. Wengi wa wachungaji wanakubali haraka kuliko maprofesa. Kanisa moja lilinipa dakika kumi kila robo ya mwaka kabla ya matangazo.

Nataka kununua parsele (kiwanja), nipe kartiye yenye usalama.

Hakuna iliyo na usalama wa kila kitu. Kaskazini na karibu na uwanja wa ndege fikiria njia za lava, magharibi fikiria mazuku, kando ya ziwa fikiria yote mawili na bei. Kabla ya kulipa nenda alfajiri, saa kumi na moja na nusu, bila upepo. Uliza wanaofuga mbuzi na kuku mahali pa parsele ile, siyo komisioneri (dalali). Kama kuna shimo ambalo hakuna anayefuga karibu yake, umeshajibiwa. Na usichimbe fosi (shimo la choo) ndefu bila kusoma mazuku hapo juu. Fundi wa fosi ndiye wa kwanza kuingia.

Nimepata jiwe zito linang'aa, nikuletee?

Leta, ni bure. Ila kama umelitoa ndani ya Goma, jua mji mzima umekaa juu ya lava changa, na kwa lava hii dhahabu na koltani hazimo. Koltani ya Masisi na Walikale inatoka kwa mawe ya zamani sana. Vile vipande vya kijani vinavyong'aa ni olivini, vizuri kwa pete, soko hakuna. Cha manjano kipige nyundo kidogo: kikivunjika unga ni piriti, kikilala bapa njoo haraka na usimwambie mtu njiani. Lifunge kwa karatasi, andika mahali na tarehe, usilioshe. Na kama limetoka kwa shimo la mtu, libaki kwako.